Malipo ya tafsiri na mapunguzo ya TM: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na frilansa wa Unguja na Pemba

Maswali haya watu wanaulizana yale kwa yale. Mmoja kapata kazi ya ajensi ya nje, yaani kampuni inayogawa kazi za tafsiri, kwa mara ya mwanzo, kaletewa fomu ajaze reti yake (bei ya neno moja) na akubali jedwali lililojaa asilimia, hajui asaini au akimbie. Soma lile linalokuhusu, si lazima uanze juu. Bei zote humu ni za kufanyia hesabu tu, msizichukue mkaenda kuzitangaza kama ndo bei ya soko.

## Ya mwanzo kabisa

1. TM ni kitu gani na inagusa vipi pesa yangu?

TM ni kumbukumbu ya tafsiri. Kila sentensi unayoitafsiri ndani ya programu kama Trados Studio, memoQ, Wordfast au OmegaT inahifadhiwa pamoja na tafsiri yake, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Ikija sentensi nyengine programu inachungulia humo kama kuna inayofanana nayo, ikiipata inakuletea pamoja na asilimia: 100 kama ni ile ile, 87 kama zimekaribiana, inashuka hivyo hivyo mpaka inafika pahala haikusaidii kitu. Hizo za katikati ndo tunaziita fazi.

Pesa inaguswa hapo, mana ajensi inakwambia sentensi hii imeshatafsiriwa, hukufanya kazi yote, basi na mimi silipi yote. Hoja yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye ukubwa wa punguzo na kwenye kile khasa kinachopimwa, na hilo liko swali la 6, ambalo kama una dakika tano tu basi lisome hilo na uache mengine.

2. Mbona jedwali hilo la asilimia wanaliita la Trados na mimi natumia programu nyengine?

Mazoea tu. Trados ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, 1984, programu yake ikashika soko na ajensi zikazoea kupanga malipo kwa ripoti zake. SDL waliinunua 2005, RWS nao wakainunua SDL 2020, jina limebaki midomoni. Ukiambiwa "tunafuata diskaunti ya Trados" usidhani kuna sheria pahala, kila ajensi imejitungia jedwali lake na kilichotungwa kinazungumzika.

3. Nimeletewa ripoti ina makundi mengi, yana maana gani?

Marudio ni sentensi inayojirudia ndani ya kazi hiyo hiyo, ya kwanza inahesabiwa kwenye kundi lake la kawaida halafu zinazofuata ndo zinaitwa marudio. Mfanano wa muktadha ni sentensi ile ile na jirani zake ni wale wale, memoQ huandika 101 au 102, Trados huandika CM. Asilimia 100 ni sentensi ile ile lakini jirani wamebadilika, na tofauti hii si ndogo kwetu sisi, tazama swali la 7. Halafu fazi: 95–99, 85–94, 75–84, 50–74. Mwisho maneno mapya, yasiyo na mwenzao humo ndani.

## Hesabu yenyewe

4. Nioneshe hesabu moja mwanzo mpaka mwisho

Haya. Faili lina maneno 6,000 ya Kiingereza, reti yako senti 6 za dola kwa neno. Unazidisha maneno ya kila kundi kwa asilimia ambayo jedwali la ajensi linalilipa kundi hilo:

Muktadha: 400 × 10% = 40
Marudio: 800 × 25% = 200
100%: 600 × 25% = 150
95–99: 300 × 40% = 120
85–94: 500 × 60% = 300
75–84: 400 × 75% = 300
50–74: 700 × 100% = 700
Mapya: 2,300 × 100% = 2,300

Jumla 4,110. Hayo ndo maneno ya kulipwa, mengine huyaita maneno yaliyopimwa uzito. Mara dola 0.06 unapata dola 246.60. Bila ya punguzo ingekuwa 360.

Sasa fanya jengine ambalo wengi hawalifanyi: gawa 246.60 kwa 6,000. Unapata senti 4.11. Hiyo ndo reti yako ya kweli kwa kazi hii, senti 6 ni jina tu. Kazi mbili zenye reti moja zinaweza kuachana sana, kwahiyo usimwambie mwenzako "mimi nalipwa senti 6" ukamtia tamaa bure.

Na angalia jedwali limeandikwa upande gani! Kuna ajensi zinaandika asilimia ya kulipwa na kuna zinazoandika asilimia ya kukatwa. "100%: 75" inaweza kuwa unalipwa robo tatu au unakatwa robo tatu, uliza kabla hujasaini.

5. Nimehesabu mwenyewe nimepata namba tofauti na ya ajensi, nani muongo?

Huenda hakuna muongo. Word, Trados na memoQ hazihesabu sawasawa: namba, maneno yenye kistari katikati, anwani za intaneti na alama za ndani ya faili, kila programu ina desturi yake. Tofauti ndogo achana nayo, kubwa uliza.

Ila kuna kimoja cha kukiangalia, fazi za ndani. Programu ikiwashwa kwa namna hiyo inalinganisha sentensi za faili na zenyewe kwa zenyewe, hata kama TM ni tupu kabisa, na zile zinazofanana zinatolewa kwenye mapya na kutiwa kwenye fazi. memoQ na Trados zote zinaweza kufanya hivyo. Ndo pale mtu anaambiwa mradi ni mpya halafu ripoti imejaa fazi, anabaki kushangaa zimetoka wapi. Mimi nazikubali kama zimetajwa kwenye makubaliano, kama hazikutajwa naomba ripoti itolewe upya bila hizo.

Kama huna programu ya kulipia, OmegaT ni ya bure na inatoa takwimu za mfanano, mwambie ajensi akupe TM yenyewe na faili, ukague mwenyewe.

## Pale Kiswahili kinapoikataa hesabu

6. Kwanini fazi za Kiswahili zinachosha kuliko zinavyolipwa?

Kwa sababu asilimia inapimwa kwenye Kiingereza, na kazi unaifanya kwenye Kiswahili. Hilo tu, na ukilielewa hilo utajua la kumwambia ajensi.

Chukua fomu za ridhaa za utafiti wa kichocho na minyoo, mana visiwa hivi vimefanyiwa tafiti hizo miaka mingi na frilansa wengi wa hapa wamepitia karatasi za aina hii. Kiingereza kinasema *Your child's urine will be collected at school and tested the same day.* Fomu ya pili ni ile ile, mkojo umetolewa kimewekwa kinyesi. Neno moja kati ya maneno 13, programu inakwambia fazi ya tisini na mbili hivi, jedwali letu la swali la 4 linakulipa asilimia 60.

Sasa tafsiri. Ya kwanza ni "Mkojo wa mtoto wako utachukuliwa skuli na utapimwa siku hiyo hiyo." Ya pili "Kinyesi cha mtoto wako kitachukuliwa skuli na kitapimwa siku hiyo hiyo." Umebadilisha maneno manne kati ya 11. Fomu ya tatu ni ya damu, hapo ni "ya", "itachukuliwa", "itapimwa", mambo yale yale upya. Nomino moja ikihama ngeli sentensi nzima inahama nayo, na ukisahau kipatanishi kimoja msomaji wa Wete au Makunduchi anakiona mwanzo kabla hajaona kitu chengine. Mpimaji, yaani programu, haoni lolote katika haya kwa sababu yeye kasimama upande wa Kiingereza.

Na kuna uchovu mwengine, wa macho. Sentensi mpya unaiandika inatoka mbichi kichwani. Fazi inabidi uisome ya zamani, uisome mpya, utafute tofauti, urekebishe, halafu uisome tena yote kama haikubaki "ki" iliyotakiwa kuwa "u". Kwa sentensi fupi mara nyengine ni haraka zaidi kufuta na kuandika upya, na ukifuta ukaandika upya umefanya kazi ya neno jipya kwa bei ya fazi.

Sisemi fazi zote ni hasara. Ikibadilika tarehe au jina la mtu au nomino imehama lakini imebaki ngeli ile ile, mzazi imekuwa mwalimu, hapo unabadilisha neno moja kweli na punguzo ni haki. Kwahiyo kabla ya kulalamika fungua faili uone fazi zenyewe ni za namna gani.

7. Asilimia 100 si ni 100? Kuna cha kurekebisha tena?

Kipo. Programu ya simu ina kitufe kinachouliza mtumiaji kama anataka kukifuta kitu, Kiingereza kinasema *Delete it?* kila pahala. Kama ni faili ni "Ungependa kulifuta?", kama ni picha "kuifuta", kama ni kitambulisho "kukifuta". TM itakuletea ile iliyohifadhiwa mara ya mwisho na kukwambia 100, na wala haijadanganya, Kiingereza ni kile kile kweli. Pia "wewe" na "nyinyi" kwa Kiingereza ni neno moja.

Ndo mana mimi natofautisha sana 100 ya kawaida na ile ya muktadha. Ya muktadha mara nyingi iko salama. Ya 100 lazima uione iko wapi, na kuona ni kazi, kazi inalipwa. Kama ajensi hailipi kabisa nenda swali la 10.

8. Nikitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hesabu inabadilika?

Sana, na watu wanaliwa hapa bila ya kujua. Ajensi huhesabu maneno ya lugha ya chanzo. "Hawajatuambia" ni neno moja la kulipwa, Kiingereza chake maneno matano. Ukitoza reti ile ile ya Kiingereza kwenda Kiswahili umejipunguzia mwenyewe kabla hata ya TM kuingia. Ama panda reti kwa upande huu, ama omba ihesabiwe tafsiri iliyomalizika badala ya chanzo. Mahojiano ya watafiti yaliyonukuliwa ndo mfano mkubwa, watu wanavyozungumza maneno yameshikana kila pahala.

Kwenye fazi lakini mambo yanageuka kuwa mazuri kwako. Nomino ikibadilika kwenye Kiswahili vipatanishi vyote vinabadilika, asilimia inashuka yenyewe, na wakati huo Kiingereza unachotakiwa kubadilisha ni neno moja. Yale ya swali la 6 kinyume chake. Usimwambie mtu, chukua tu.

## Kuzungumza na ajensi

9. Nilikatae jedwali lao, au nipandishe reti?

Inategemea faili lina nini, na jibu linapatikana kwa hesabu si kwa hasira.

Rudi kwenye kazi ya swali la 4. Tuseme umewashawishi walipe 60% kwa 95–99, 75% kwa 85–94 na 100% kwa 75–84. Maneno ya kulipwa yanakuwa 4,345, dola 260.70. Umeongeza dola 14.10 kwa imeili zote hizo. Ukiacha jedwali lao kama lilivyo na ukaomba nusu senti tu zaidi, senti 6.5, unapata 267.15, umeongeza 20.55. Reti imekushindia.

Sasa chukua faili jengine la 6,000: mapya 2,000, fazi za 85–94 ni 2,000 na za 75–84 ni 2,000, ndo sura ya zile fomu za utafiti au mkataba wa bima uliofanyiwa marekebisho. Kwa jedwali lao ni maneno 4,700, dola 282. Kwa jedwali lako 5,500, dola 330. Nusu senti kwenye jedwali lao ingekupa 305.50 tu. Hapa jedwali ndo la kupigania.

Ukienda kuzungumza usiseme "jedwali lenu la dhulma". Peleka sentensi tatu za faili lao wenyewe, za zamani na mpya, na uoneshe maneno mangapi yamebadilika. Meneja wa mradi hajui Kiswahili na hana sababu ya kujua, lakini rangi nyekundu kwenye maneno manne kati ya 11 anaielewa. Wengine watakubali na wengine watakwambia jedwali ni moja kwa lugha zote, huyo wa pili basi mzungumzie reti.

10. Ajensi hailipi kabisa 100% na muktadha, niziache au nizipitie?

Kisicholipwa hakiguswi, lakini liwe limeandikwa. Waombe wazifunge sentensi hizo kwenye faili na waandike kwenye oda kwamba hazimo kwenye kazi yako. Usikubali ile ya "zitupie jicho tu", mana jicho hilo ndo utakalolaumiwa nalo mhakiki akikuta kosa. Wakitaka zisomwe kwa ajili ya mtiririko wa maandishi, ulipwe kitu, hata kwa saa.

11. TM waliyonipa ni mbovu, bado nikubali punguzo?

Hapana, punguzo ni malipo ya msaada, na TM mbovu haikusaidii, inakuzuia. Ubovu unakuwa wa aina nyingi, watu watano wametafsiri istilahi moja kwa namna tano, au kuna tafsiri za mashine zilizohifadhiwa bila ya kuguswa, au kazi ni ya wasomaji wa Tanzania na humo ndani msamiati umechanganyika na wa Kenya. Omba kuiona TM *kabla* ya kukubali oda. Ukiikuta imeoza sema siku hiyo hiyo na mifano, upendekeze kundi la 100% lilipwe kama fazi au usafishaji ulipwe kwa saa. Ukisema baada ya kukabidhi kazi inaonekana kisingizio.

12. Nimeletewa maneno 40 na mengi ni fazi, hesabu inatoka dola moja na kitu!

Weka kima cha chini. Kazi yoyote chini ya kiasi fulani inalipwa kiasi hicho hicho, TM isihusike. Kufungua mradi, kusoma maelekezo, kukabidhi na kuandika invoisi vinachukua muda ule ule kwa maneno 40 au 400, na makato ya kutumiwa pesa huku kwetu yanakula kilichobaki. Kama ni mteja wa kila wiki mkusanyie, invoisi moja mwisho wa mwezi.

13. Dedilaini ihesabiwe kwa maneno yapi?

Wao watahesabu kwa yale 4,110 ya kulipwa ya swali la 4. Wewe macho yako yanapita 6,000. Jipangie katikati na acha nafasi ya umeme kukatika.

## Wateja wa hapa nyumbani

14. Mteja wa hapa analipa kwa ukurasa, nimpe na yeye mapunguzo ya TM?

Hakukuuliza, hajui TM ni nini, na huna wajibu. Fundi wa nguo akinunua cherehani ya umeme hashushi bei ya kanzu. Ila uwe na busara: hoteli ya Nungwi inayokuletea kijitabu cha wageni kila msimu, kurasa 20 na zilizobadilika ni mbili, ukimtoza 20 mwaka wa tatu atakuja kujua na atakwenda kwa mwengine. Mimi ningemtoza zile zilizobadilika kamili na kiasi kidogo cha kupitia zilizobaki, na nimwambie hivyo waziwazi, atarudi.

Na mkubaliane ukurasa ni maneno mangapi. 250 au 300 ndo desturi, lakini kuna mtu atakuletea ukurasa wa herufi ndogo usiokuwa na pambizo ana maneno 700 humo.

15. Nimpe bei kwa dola au shilingi?

Wa nje dola au yuro. Wa ndani shilingi, tangu 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni.

## Kesi za pembeni

16. TM ni yangu mwenyewe, ajensi haikunipa yoyote, kuna punguzo?

Hakuna, isipokuwa marudio ya ndani ya faili kama mlikubaliana. TM uliyoijenga kwa kazi yako ni chombo chako. Lakini soma mkataba wa kutunza siri uliousaini, mingi ya mikataba hiyo inasema sentensi za mteja ni mali ya mteja, kwahiyo usichukue ya mteja mmoja ukaitumia kwenye kazi ya mpinzani wake.

17. Wamejaza faili zima kwa tafsiri ya mashine na wanasema ni sawa na fazi ya 75–84

Si sawa. Fazi ilipitishwa na mtu, na programu inakuonesha ilipotofautiana. Mashine haikuoneshi ilipokosea, inakuandikia kwa ufasaha ule ule iwe imepatia au imepotea, na kwenye ngeli inapotea vizuri tu. Kwahiyo unasoma kila neno. Ibandue kazi hiyo kwenye jedwali la TM na uipe bei yake, kwa saa ndo bora.

Wengine wanalipa kwa kupima baadae umebadilisha kiasi gani. Hapo sentensi uliyoikagua ukaikuta sawa inahesabika hukufanya kitu, wakati kuikagua ndo kazi. Ukikubali mfumo huo dai kiwango cha chini kwa kila neno, liguswe lisiguswe.

18. Tafsiri rejea inaingia kwenye mapunguzo?

Haiingii. Tafsiri rejea, yaani kuirudisha tafsiri ya Kiswahili kwenye Kiingereza, inafanywa ili watu wa maadili ya utafiti waone Kiswahili kinasema nini khasa, na anayeifanya hatakiwi kuona Kiingereza cha asili. TM yenye Kiingereza hicho ikifunguliwa tu kazi imeharibika. Reti kamili, na kumbuka upande ni ule wa swali la 8.

19. Nishaanza kazi, wameleta faili jipya na ripoti mpya, mapya yangu yamegeuka fazi

Inatokea mteja akibadilisha maandishi katikati. Ripoti mpya imetumia TM yenye sentensi ulizotafsiri wewe mwenyewe juzi, ambazo hujalipwa bado. Usikubali ripoti ya pili ifute ya kwanza. Oda ya kwanza inalipwa kwa kiasi ulichomaliza, kwa ripoti ya kwanza, halafu faili jipya linahesabiwa kama kazi ya pili na hapo mapunguzo ni sawa. Hifadhi nakala ya TM na ya faili siku unayopokea kila kitu, na ripoti zote mbili ziambatanishe kwenye invoisi moja ili mhasibu wao asipate la kuuliza.